Bulabo na Sherehe ya Ekaristi: Kutoka Orvieto hadi Bujora



Kila mwaka, mwezi Juni unapokaribia na mavuno yakiwa yameanza kuingia ghalani, mapadre tunaohudumu katika parokia za kandokando ya Ziwa Viktoria huulizwa swali lile lile kwa namna mbalimbali. Mwaka jana liliulizwa na mama mmoja wa jumuiya, aliyenisubiri mlangoni mwa sakristia baada ya Misa ya kwanza. "Padre," aliniambia, "kijana wangu wa mwisho anataka kwenda Bujora kutazama Bulabo. Babu yake anasema aende, ndiyo mila yetu. Shangazi yake anasema huko ni kwa waganga. Mimi nimekwama katikati. Nimruhusu au nimkataze?"

Nilikuwa na Misa nyingine kigangoni, nami nilimjibu kwa haraka: "Mwache aende, mama, ila awe mwangalifu." Lilikuwa jibu la mtu aliye mguu mmoja ndani ya gari. Swali lake lilistahili jibu lililo bora zaidi, kwa kuwa ndani yake kuna mambo matatu yanayowasumbua waamini wengi: je, furaha ya ngoma na tamasha ina nafasi gani katika maisha ya Mkristo? Je, mila za wazee wetu na imani yetu ni marafiki au maadui? Na je, mpaka uko wapi? Makala haya ni jibu langu refu kwa mama yule, na kwa yeyote aliyekwama katikati kama yeye.

Bulabo ni nini?

Bulabo ni tamasha la ngoma la Wasukuma linalofanyika mwezi Juni, likifuatana na Sherehe ya Mwili na Damu Takatifu ya Kristo. Kitovu chake ni Bujora, katika eneo la Kisesa, karibu kilometa 20 kutoka katikati ya jiji la Mwanza ukishika barabara ya kwenda Musoma. Jina lenyewe ni la Kisukuma na linahusu maua: maua yale ambayo waamini hupamba nayo njia inapopita Ekaristi Takatifu katika maandamano ya sherehe hiyo.

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili. Mashindano ya ngoma baada ya mavuno ni ya kale kuliko Ukristo katika nchi hii. Wamisionari wa Afrika walipofungua misioni yao Bukumbi, kusini mwa ziwa, mwaka 1883, waliwakuta Wasukuma wakicheza ngoma, wala hawakuwafundisha wao kucheza. Lakini Bulabo, kwa jina lake na kwa majira yake, imefungamana na kalenda ya Kanisa. Anayedhani kwamba tamasha hili limevamia sikukuu ya Wakristo amekosea; na anayedhani kwamba Kanisa limeiteka sikukuu ya kimila amekosea vilevile. Mambo haya mawili yalikutana njiani, na mahali yalipokutania ni penye maua.

Sherehe iliyotoka mji wa mwambani

Ili tuelewe kukutana huko, turudi nyuma hadi chimbuko la sherehe yenyewe. Sherehe ya Mwili wa Kristo haikuanzia Roma. Ilianzia Liège, katika nchi ya Ubelgiji ya leo, kwa juhudi za mtawa mmoja, Mtakatifu Juliana wa Cornillon, aliyetamani kwa miaka mingi kwamba Kanisa liwe na siku maalumu ya kuishangilia Ekaristi Takatifu. Mwaka 1246 Askofu Robert wa Liège aliamuru sherehe hiyo iadhimishwe katika jimbo lake. Miongoni mwa mapadre waliopata kushika madaraka katika jimbo hilo alikuwamo Jacques Pantaléon, ambaye mwaka 1261 alichaguliwa kuwa Baba Mtakatifu, akachukua jina la Urbano IV.

Papa Urbano alikuwa akiishi Orvieto, mji wa kale wa Italia ya kati. Mkazi wa Mwanza angejisikia nyumbani akiuona mji huo, kwa maana nao umejengwa juu ya mwamba: jiwe kubwa la volkano lililoinuka kutoka bondeni, na nyumba, minara na makanisa yakiwa yamekaa juu yake. Karibu na Orvieto uko mji mdogo wa Bolsena, nao uko kando ya ziwa. Mapokeo yanasimulia kwamba mwaka 1263 padre mmoja kutoka Praha, aliyekuwa akisumbuliwa na mashaka juu ya uwepo wa Kristo katika Ekaristi, aliadhimisha Misa huko Bolsena, na wakati wa adhimisho damu ikatiririka kutoka katika Hostia na kulowanisha korporale, yaani kitambaa kinachotandazwa altareni chini ya patena na kalisi. Kitambaa hicho kilipelekwa Orvieto kwa Baba Mtakatifu. Tarehe 11 Agosti 1264, akiwa katika mji huo huo, Papa Urbano IV alitoa hati iitwayo kwa Kilatini Transiturus, ambayo kwayo aliitangaza sherehe hii kwa Kanisa zima. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyekuwa akifundisha Orvieto miaka hiyo, ndiye anayetajwa na mapokeo kuwa mtunzi wa sala na tenzi za sherehe hiyo.

Mwaka 1290 liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Orvieto, ambamo korporale ile inahifadhiwa hadi leo katika kikanisa chake. Kila mwaka, sherehe inapofika, hutolewa na kupitishwa katika njia nyembamba za mji, ikitanguliwa na mamia ya watu waliovaa mavazi ya karne za kati, wakiwa na bendera, ngoma na tarumbeta. Kule Bolsena, watu huamka usiku kutandaza maua barabarani kwa ustadi mkubwa, wakichora kwa petali picha za Maandiko Matakatifu na alama za Ekaristi, ili Bwana apite juu ya zulia la maua. Papa Paulo VI mwenyewe alikwenda Orvieto mwezi Agosti 1964 kuadhimisha miaka 700 tangu hati ile ilipotolewa.

Msomaji ataona mara moja ninakoelekea. Maua ya Bolsena na maua ya Bulabo ni maua ya sherehe moja. Ngoma zinazolia Orvieto na ngoma zinazolia Bujora zinalia kwa ajili ya siku moja. Wala haiwezekani kusema kwamba ngoma ya Muitalia ni utamaduni mtukufu, na ngoma ya Msukuma ni ushenzi.

Sherehe iliyozaa sanaa

Tena si Orvieto peke yake. Tangu karne ya 14, sherehe hii ilipokwisha kuenea, popote ilipofika ilizaa sanaa. Katika mji wa York, Uingereza, vyama vya mafundi vilionyesha michezo ya kuigiza barabarani siku ya sherehe, wakisimulia historia ya wokovu tangu uumbaji hadi hukumu ya mwisho. Kila chama kilipewa sehemu iliyolingana na kazi yake: waunda meli walionyesha ujenzi wa safina ya Nuhu, na waoka mikate walionyesha Karamu ya Mwisho. Ni kama vile mafundi wa mitumbwi wa Igombe wangepewa safina, na mama lishe wa sokoni Kirumba wakapewa muujiza wa mikate mitano na samaki wawili. Huko Hispania, washairi wakubwa walitunga tamthilia maalumu juu ya Ekaristi, zikachezwa viwanjani mbele ya umati. Katika kanisa kuu la Sevilla, wavulana waliovalishwa mavazi rasmi hucheza mbele ya Ekaristi Takatifu katika majira ya sherehe hii hadi leo.

Kwa nini Ekaristi izae sanaa? Kwa sababu Ekaristi ni Mungu aliyetwaa mwili. Imani yetu haisemi kwamba Mungu alitutumia wazo. Yasema kwamba Neno alifanyika mwili. Imani ya namna hiyo haiwezi kubaki kichwani tu. Lazima ishuke mikononi na miguuni, ipate rangi, ipate sauti, ipate mdundo. Mfalme Daudi alipolileta Sanduku la Agano Yerusalemu, tunasoma katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 6, kwamba alicheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote. Mkewe Mikali alimtazama kwa dirisha, akamdharau. Maandiko hayakumsifu Mikali.

Hata hivyo historia hiyo hiyo ina onyo. Michezo ile ya Hispania, kadiri miaka ilivyopita, ilianza kuchanganya mambo matakatifu na dhihaka, watu wakaja kwa ajili ya kichekesho na wakaondoka kabla ya sala. Malalamiko yalizidi, na mwaka 1765 mfalme wa nchi hiyo akaipiga marufuku. Kilichoanza kama mtumishi wa altare kilikuwa kimejifanya bwana. Yaliyowapata Wahispania yanaweza kutupata nasi pia.

Bujora: nyumba ya mtemi na nyumba ya Mungu

Sasa turudi nyumbani. Tukizungumza juu ya Bulabo hatuwezi kukwepa jina la Padre David Clement, mmisionari wa Shirika la Wamisionari wa Afrika kutoka Quebec, Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Katika miaka ya 1950 alianza kuijenga Bujora, na kwa ushirikiano wa wazee na waamini walei alikusanya nyimbo, simulizi, vyombo na desturi za Wasukuma. Makumbusho ya Wasukuma yalifunguliwa rasmi mwaka 1968. Padre Clement alifariki dunia mwaka 1986, lakini kazi yake inaonekana.

Anayefika Bujora aanze na kanisa. Limejengwa la mviringo, kwa mfano wa ikulu ya mtemi wa Kisukuma. Altare ina umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Tabernakulo ina umbo la nyumba ya kimila, na mlangoni pake pana ngao na mikuki. Mzee wa Kisukuma asiyejua kusoma hata herufi moja, akiingia humo, anaelewa bila kufafanuliwa: hapa anakaa Mtemi, na Mtemi yumo ndani. Hiyo ndiyo katekesi iliyofundishwa kwa miti na udongo. Nje ya kanisa, katika makumbusho, atakuta ngoma za kitemi, na jengo maalumu la vyama vya ngoma.

Padre Clement alianza kazi hiyo kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikani haujafunguliwa mwaka 1962. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso ulitoa Konstitusio juu ya Liturujia, na katika namba 37 ukatamka kwamba Kanisa halipendi kulazimisha umbo moja katika mambo yasiyogusa imani, bali huheshimu na kukuza vipaji vya mataifa mbalimbali, na kupima kwa wema yale yote katika desturi zao yasiyofungamana na ushirikina na upotofu. Mwaka 1969, akiwa Kampala, ng'ambo ya ziwa letu, Papa Paulo VI aliwaambia maaskofu wa Afrika kwamba Waafrika wanaweza, tena wanapaswa, kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Jambo hilo ndilo tunaloliita utamadunisho. Si kuupaka Ukristo rangi ya nje. Ni kuiruhusu Injili iingie hadi jikoni.

Jinsi ya kutazama mashindano

Wako vijana wa mjini wanaokwenda Bujora na kurudi wakisema wameona vumbi na kelele. Hawakukosa macho, walikosa maelezo. Basi nitoe maelezo machache.

Ngoma za Wasukuma zimegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu. Asili ya vyama hivi inasimuliwa kuwa ni magwiji wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ngoma na kwa dawa ili ijulikane nani zaidi. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, wafuasi wa Gumha ndio Bagalu, na upinzani huo umerithiwa hadi leo, kama upinzani wa Simba na Yanga unavyorithiwa ndani ya familia.

Mashindano yenyewe hayana jopo la waamuzi kama tulivyozoea katika mashindano ya kwaya. Vikundi viwili huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, vyote vikipiga na kucheza. Watazamaji wako huru kwenda watakako. Kikundi kitakachovuta umati mkubwa zaidi ndicho mshindi. Kwa hiyo mtazamaji hayuko pale kama mgeni tu. Miguu yake ni kura yake. Anapovuka uwanja kwenda upande wa pili, amepiga kura.

Kwa sababu hiyo kila kikundi hufikiri mwaka mzima juu ya jambo litakalowashangaza watu. Utaona Bugobogobo, ngoma ya wakulima, ambamo wachezaji huyachezea majembe, wakiyarusha na kuyadaka kwa mdundo, kumbukumbu ya siku ambazo watu walilima shamba kwa pamoja huku ngoma ikiwaongoza. Utaona Bayeye wakicheza na nyoka, hata chatu mzima. Utaona vinyago vya miti vikiinuliwa ghafla juu ya vichwa vya watu. Sikiliza pia maneno, si mdundo tu. Manju wa Kisukuma ni mtunzi: huimba juu ya bei ya pamba, juu ya mvua iliyochelewa, juu ya tajiri bahili na kijana mvivu. Asiyejua Kisukuma akae karibu na mzee, amwombe tafsiri. Atapata ngoma, na atapata mzee.

Mwiba ulio katika ua

Sasa nifike penye ugumu, kwa kuwa shangazi wa kijana yule hakusema bure.

Tangu enzi za Ngika na Gumha, mashindano haya yamefungamana na dawa. Iko dawa ya ngoma iitwayo samba, inayoaminiwa kuvuta watu na kumfanya mchezaji apendwe. Ziko pia dawa zinazodaiwa kuwalegeza wapinzani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116 na 2117, inafundisha waziwazi kwamba kutafuta nguvu zilizofichika ili kuwatawala wengine ni kinyume cha heshima tunayomdai Mungu peke yake, na kwamba nia ya kumdhuru mwingine inaongeza uzito wa kosa. Hakuna tafsiri ya utamadunisho inayoweza kufuta mafundisho hayo. Mtaguso wenyewe, ulipofungua mlango kwa desturi zetu, uliweka ushirikina nje ya mlango huo.

Nitasimulia jambo moja lililonifundisha mimi mwenyewe. Kijana mmoja, mpiga ngoma wa kwaya ya kigango, alikuwa pia kiongozi wa kikundi cha ngoma. Mashindano yalipokaribia, baadhi ya wenzake walitaka wachange fedha wakaufanyie uwanja kazi kwa mganga. Alikataa, akasema yeye ni mkomunika na hawezi kupokea Dominika asubuhi kisha akapokea dawa Jumatatu usiku. Nusu ya kikundi walimhama. Alinijia, nami nikafurahi, nikamtia moyo, nikazibariki ngoma zake kwa maji ya baraka. Siku ya mashindano alicheza na wachache waliobaki. Umati wote ulivuka uwanja ukaenda upande wa pili. Mwishoni alibaki akiwachezea watoto na mama yake mzazi.

Siku iliyofuata alikuja parokiani. Hakulia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: "Padre, mbona ngoma zilibarikiwa na bado tumeshindwa?"

Swali lile lilinichoma, kwa kuwa ndipo nilipotambua kosa langu. Nilikuwa nimeyanyunyiza maji bila kumweleza maana yake, naye, bila kukusudia, alikuwa ameyapokea maji yangu mahali pa dawa ya mganga. Nilikuwa nimemwondolea dawa moja nikamwachia nyingine. Basi nilimwomba radhi, na tulizungumza hadi jioni. Nilimweleza kwamba baraka ya Kanisa si samba ya Kikatoliki. Hatuombi baraka ili Mungu awavute watazamaji kwa nguvu kutoka upande wa jirani. Tunaiomba ili sisi wenyewe na kazi ya mikono yetu tuwe wa Mungu, tukishinda au tukishindwa. Hakuikataa dawa ili ashinde. Aliikataa kwa sababu Kristo ndiye Bwana wake. Ushindi wa namna hiyo hauhesabiwi kwa vichwa vya watu uwanjani, la sivyo siku ya Ijumaa Kuu, pale Kalvario, Bwana wetu angehesabiwa kuwa ameshindwa kabisa. Naye pia mwishoni alibaki na mama yake na wachache.

Nilimwambia na jambo la pili, la kibinadamu kabisa. Waliomshinda walikuwa wengi, na walikuwa wamefanya mazoezi kwa miezi mingi. Kuvuta umati ni kazi: ni sauti, ni ubunifu, ni nidhamu, ni kuamka mapema. Dawa humwibia mchezaji heshima ya kazi yake, kwa sababu akishinda husema dawa imeshinda, na akishindwa humtafuta mchawi badala ya kurekebisha hatua zake. Kijana yule alisikiliza. Ameanza tena na kikundi kidogo, na sasa wanafanya mazoezi mara tatu kwa wiki. Sijui kama watashinda. Najua kwamba wanapocheza, wanacheza wakiwa huru.

Altare kwanza, kisha uwanja

Kutokana na hayo yote, zinajitokeza kanuni chache ambazo mwamini anaweza kuzishika.

Kwanza, utaratibu. Bulabo inatoka katika Misa na maandamano ya Ekaristi. Haichukui nafasi yake. Anayeikosa Misa ya Dominika ili awahi nafasi nzuri uwanjani amechuma ua na kuukata mti. Hiki ndicho walichokisahau wale wa Hispania.

Pili, tusichanganye kucheza kwa sala na kucheza kwa mashindano. Katika liturujia, mwendo wa mwili ni sala ya jumuiya nzima, na macho yote yako kwa Bwana. Uwanjani, mchezaji anatafuta macho yamwelekee yeye, na hilo si dhambi, ndiyo sanaa ilivyo. Lakini kila kimoja kina mahali pake. Mwongozo juu ya Ibada za Watu na Liturujia, uliotolewa Vatikani mwezi Desemba 2001, unakubali na kusifu maua, mapambo ya njia na nyimbo katika maandamano ya Ekaristi, lakini unaagiza kwamba maandamano hayo yasiwe na sura ya mashindano. Kwa hiyo mbele ya monstransi hakuna Bagika wala Bagalu. Kuna taifa moja la Mungu linalotembea nyuma ya Mtemi wake.

Tatu, tutofautishe ngoma na dawa. Ngoma ni kipaji. Dawa ni kifungo. Mzazi anayechoma ngoma ili kumwepusha mwanawe na dawa anafanana na mtu anayeubomoa ukuta kwa sababu ameona mjusi. Na mzazi anayefumbia macho dawa kwa sababu anapenda ngoma anamfuga nyoka, naye si mmoja wa Bayeye.

Nne, kiasi. Palipo na umati pana pombe, pana usiku mrefu, pana vijana wasio na uangalizi. Furaha ya Mkristo haihitaji kusahauliwa kesho yake asubuhi. Twende mchana, turudi mapema, na watoto wawe mikononi mwa watu wazima wanaofahamika.

Tano, twende kama familia, na ikiwezekana kama Jumuiya Ndogo Ndogo. Kufika si kazi ngumu: magari ya abiria ya Kisesa yapo, na kutoka Kisesa hadi Bujora mtu mwenye afya anatembea. Tuingie kwanza kanisani, tuwaonyeshe watoto altare ya kiti cha enzi na tabernakulo yenye ngao na mikuki. Tupite katika makumbusho. Kisha twende uwanjani, tukishangilia kwa moyo mweupe.

Jibu kwa mama

Mama yangu uliyenisubiri mlangoni mwa sakristia, sasa nakujibu vizuri. Usimkataze. Usimruhusu tu pia. Nenda naye. Mchukue na babu yake, ili awatafsirie nyimbo na awasimulie juu ya Ngika na Gumha. Mchukue na shangazi yake, kwa kuwa woga wake juu ya dawa ni woga wa haki, na kijana anahitaji kuusikia ukisemwa kwa upendo, si kwa vitisho. Kijana akiwa katikati ya babu na shangazi, akiitazama ngoma ya baba zake huku akiwa ameshiba Mwili wa Kristo asubuhi ile, hapo atajifunza lile ambalo mimi siwezi kumfundisha kwa mahubiri ya dakika kumi: kwamba hahitaji kuuacha Usukuma wake ili awe Mkristo, wala kuuacha Ukristo wake ili abaki Msukuma.

Na mkiwa pale uwanjani, umati ukivuka kwenda upande ule wenye kishindo, angalieni kama kuna kikundi kidogo kimebaki peke yake, kikicheza kwa furaha bila dawa. Mkikiona, nawaombeni msivuke. Simameni nacho.

Mwili na Damu Takatifu ya Bwana wetu Yesu Kristo vitulinde hata tufike uzima wa milele. Amina.